Kwa nini majibu ya kuotesha choo hayatoki siku hiyohiyo

Mvua zikianza Dodoma, kuhara huongezeka, na dirishani kwetu maabara malalamiko nayo huongezeka: "Nimeleta choo tangu jana asubuhi, mbona hakuna majibu?" Wengi wanalinganisha na kipimo cha malaria. Ni vipimo viwili tofauti kabisa.

Hadubini hutuonyesha amiba, mayai ya minyoo, damu na usaha. Lakini bakteria kama Shigella anayeleta kuhara damu, Salmonella wa homa ya matumbo na E. koli anayeishi tumboni mwa karibu kila mtu mwenye afya, wote wakipakwa rangi huonekana vijiti vya waridi vinavyofanana. Hakuna jicho la kuwatofautisha. Ndiyo maana tunawaotesha kwenye sahani zenye chakula chao, kwa nyuzi joto 37, saa 18 hadi 24. Kwenye sahani ya XLD, aina mojawapo ya chakula hicho, Salmonella kwa kawaida huota vidoa vyekundu vyenye kitovu cheusi, Shigella vyekundu vitupu. Kwenye TCBS, aina nyingine, kimelea cha kipindupindu huota njano. Rangi hiyo bado si jibu. Kidoa hupimwa kwa kemikali na antisera (majimaji yenye kingamwili za kutambua kimelea), kisha tunaangalia ni dawa gani inakiua. Hapo siku ya tatu imefika. Anayetaka jibu la leo anatutaka tubahatishe.

Sasa sampuli. Chukua kikopo kwetu. Kiberiti na kopo la mafuta ya kujipaka hatupokei. Weka choo kiasi cha kijiko cha chai, ukichagua sehemu yenye makamasi au damu, kisichochanganyika na mkojo wala kuchotwa shimoni. Kifike ndani ya saa 2. Kwa walio mbali, Chemba au Mpwapwa kwa mfano, mhudumu wa kituo achukue kwa pamba na kuiweka kwenye Cary-Blair, chupa yenye dawa ya kuhifadhi vimelea hai safarini. Jina, umri, tarehe na saa viandikwe kwenye kikopo chenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Jina la kikopo lisipolingana na la fomu, tunaikataa sampuli, tunaiandika kwenye daftari la zilizokataliwa, tunamjulisha aliyeomba kipimo, na mgonjwa anaanza upya. Hatubadilishi lebo dirishani, hata kwa kubembelezwa.

Linalotuumiza zaidi ni dawa za kujinunulia. Mgonjwa anameza siprofloksasini siku mbili, kisha analeta choo. Sahani inabaki tupu naye anasema maabara haijui kazi. Wengine hukimbilia metronidazo. Hiyo ni ya amiba na jiadia. Haiui Shigella wala kipindupindu. Tafadhali, choo kwanza, antibiotiki baadaye.

Tukipata kimelea cha kipindupindu, taarifa hutolewa siku hiyohiyo kwa mganga mkuu wa halmashauri. Ni ugonjwa wa kutolewa taarifa, na hatuhitaji ruhusa ya familia. Maofisa wa afya wakija nyumbani hawaji kumkamata mtu. Wanakuja kuangalia maji, choo cha nyumba na waliokula pamoja na mgonjwa.

Si kila anayehara anahitaji kuoteshwa. Watoto wengi huugua kwa virusi, na sahani zetu hazioteshi virusi. Daktari ataomba kipimo akiona damu, homa kali au akishuku kipindupindu. Maji ya mwili hayasubiri majibu: changanya pakiti ya ORS ya lita 1 kwenye lita 1 ya maji safi na salama, mpe mgonjwa kidogokidogo kila anapohara. Mtoto apewe na zinki siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi 6, hata kuhara kukiisha mapema.