Kwa nini leza ya diodi huchora mstari badala ya nukta?

Leza ya diodi (kipande kidogo cha kielektroniki kinachotoa mwanga) ya buluu yenye wati kadhaa, ya aina ambayo mafundi wa nyumbani huitumia kuchonga mbao, ikielekezwa kwenye ukuta ulio umbali wa mita 10, haitoi nukta. Hutoa mstari mwembamba wenye urefu wa sentimita 10 hivi, tena wenye mabaka yanayong'aa kupita mengine. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba lenzi ni ya bei rahisi, au ina vumbi, au haijakazwa mahali pake. Kwa hiyo mwenye leza hununua lenzi bora zaidi, huifunga kwa uangalifu, na kuuona mstari uleule ukiwa na kingo safi zaidi. Jambo hili linastahili kusahihishwa kwa kirefu, kwa sababu lenzi haikukosea chochote: imeonyesha kwa uaminifu umbo la kitu kilichotoa mwanga.

Yeyote aliyewahi kuchoma karatasi juani kwa kioo cha kukuzia ameliona jambo hili bila kulitambua. Doa jeupe linalounguza karatasi si miale iliyokutana mahali pamoja pasipo na ukubwa, bali ni picha ya jua lenyewe. Kioo chenye umbali wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi pale picha ya jua inapokuwa kali) wa milimita 100 hutoa kiduara chenye upana unaokaribia milimita 1, na hata kingesuguliwa kwa ustadi wa namna gani, kiduara hicho hakingepungua, kwa kuwa jua linaloonekana angani lina upana wa nusu digrii na lenzi haina uwezo wa kuufuta. Kinachokipunguza ni kusogeza karatasi karibu zaidi kwa kutumia kioo chenye fokasi fupi, na hapo miale hufika ikiwa imepinda kwa pembe kubwa zaidi. Kama jua lingekuwa na umbo la fimbo, karatasi ingeungua kwa umbo la fimbo.

Diodi yenye nguvu ni jua la namna hiyo. Mdomo wake, yaani mwanya unaotoa mwanga, una kimo cha takriban mikromita 1 na upana wa makumi ya mikromita. Kwa hesabu zinazofuata tuchukue 40. Umbo hili bapa limo katika ukoo wa leza za diodi tangu Robert Hall na wenzake wa General Electric walipoiwasha ya kwanza nchini Marekani mwaka 1962, na rangi ya buluu iliwafikia mafundi wa nyumbani kwa wingi kuanzia mwaka 2010 hivi, walipoanza kufungua projekta za Casio na kutoa diodi zilizokuwa ndani yake.

Hapa ndipo penye kioja. Wimbi la mwanga likipita kwenye mwanya mwembamba hutawanyika zaidi, hivyo mwanga hufunguka kwa digrii 40 hivi upande wa wima, ambako mdomo ni mwembamba, na digrii 10 tu upande wa mlalo. Lenzi yenye fokasi ya milimita 4 ikiinyoosha miale hiyo, mwale unatoka ukiwa na kimo cha karibu milimita 3 na upana wa milimita 0.7. Ila upande wa mlalo haukunyooka kikamilifu: mikromita 40 zikigawanywa kwa milimita 4 zinabaki miliradiani 10 za mtawanyiko, yaani milimita 10 kwa kila mita, ilhali upande wa wima unabaki na robo tu ya miliradiani moja. Matokeo yake ni kwamba mwale uliokuwa mrefu kwa wima karibu na lenzi huwa na pande sawa kwenye sentimita 20 na ushei, kisha hulala kwa mlalo na kuendelea kurefuka hadi ukutani.

Dawa basi ni kuushughulikia upande wa mlalo peke yake. Lenzi mbili za silinda, yaani zilizopinda kwa upande mmoja tu, ya kwanza iliyobonyea na ya pili iliyobinuka, hupanua mwale kwa upande mmoja bila kuugusa mwingine. Zikiupanua mara 6, kwa mfano kwa fokasi za milimita 10 na 60 zilizoachana kwa milimita 50, upana wa 0.7 unakuwa 4.2 na mtawanyiko unagawanyika kwa 6. Mstari wa sentimita 10 ukutani unashuka hadi sentimita 2 hivi. Jozi ya prizimu (vipande vya kioo vyenye umbo la kabari) hufanya kazi hiyohiyo, kwa kawaida kwa uwiano mdogo wa mara 2 hadi 4. Silinda zinataka subira, kwani zikizungushwa kidogo tu nje ya mstari wa diodi, doa hukaa mshazari.

Hata hivyo hakuna kilichopatikana bure: upana ukizidishwa kwa pembe ya mtawanyiko hutoa kiasi kilekile kabla na baada ya lenzi, na nukta kamili haiwezekani kwa diodi ya aina hii. Ndiyo maana pia lenzi ya kioo kimoja yenye fokasi fupi, inayosifiwa kwa kukusanya mwanga mwingi, hurefusha mstari, na ile ya vioo vitatu hutoa doa nadhifu zaidi huku ikipoteza sehemu ya nguvu.

Faida ya marekebisho haya ina upande wake wa hatari: mwale usiotawanyika hubaki na uwezo wa kujeruhi jicho kwa umbali mrefu zaidi, kwa hiyo miwani iliyotengenezwa mahususi kwa rangi ya leza hiyo inahitajika zaidi baada ya kazi kuliko kabla yake. Kwa mwenye mashine ya kuchonga, ambako doa hubaki na umbo la mstatili hata kwenye fokasi, kipimo rahisi ni kuchoma mistari miwili kwenye plaiwudi, mmoja kwa kila upande. Mmoja utakuwa mwembamba kuliko mwenzake, na huo ndio uelekeo wa kuwekea maandishi madogo.