Kipimo cha choo hakikupangii chakula

Kwa miezi ya karibuni maabara yetu imekuwa ikipokea wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni wale walioombwa kushiriki utafiti wa chakula na vijidudu vya utumbo, nao wanakuja kulalamika kwamba sampuli zao zimekataliwa. Wa pili hawakuitwa na mtu. Wanakuja na karatasi kutoka kampuni iliyowapima choo kwa posta, ina alama nyekundu na kijani, na swali lao ni moja: "Sasa nile nini?" Tumeona tuwajibu wote kwa pamoja, maana malalamiko yao yana mzizi mmoja.

Msingi wa fani hii sitauchambua sana. Metabolomiki ni kupima kwa mkupuo molekuli ndogo ndogo zilizomo kwenye damu, mkojo au choo. Hazina ya data ambayo wengi wetu tunaitumia, ile iliyoanzishwa mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, imeorodhesha zaidi ya 200,000. Nyingi kati ya hizo hazikutengenezwa na mwili wako. Zimetoka kwenye chakula, kwenye dawa, au ni kazi ya bakteria wa utumbo mpana. Na kwa kuwa tumewataja bakteria: si kweli kwamba wanazidi seli zako mara kumi. Hesabu iliyofanywa upya mwaka 2016 ilipata bakteria takriban trilioni 38 kwa seli trilioni 30 za mwili, kwa mwanamume wa kilo 70. Jambo hili nimelisahihisha mara nyingi hadi siku hizi nalisema kabla sijaulizwa.

Karatasi nyingi tunazoletewa zina mstari mmoja wenye rangi nyekundu ulioandikwa TMAO, na chini yake ushauri: acha nyama. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Nyama nyekundu ina kirutubisho kiitwacho kanitini. Mayai na maini yana kingine kiitwacho kolini. Kiasi ambacho utumbo mwembamba haukukifyonza hushuka hadi kwa bakteria, nao hukikata na kutoa gesi iitwayo trimethilamini, ile ile inayonuka samaki aliyechacha. Gesi huingia kwenye damu na kufika kwenye ini. Huko kimeng'enya kiitwacho FMO3 huipachika oksijeni, harufu inakwisha, na kinachopatikana ndiyo TMAO. Wapo watu wachache waliozaliwa na FMO3 isiyofanya kazi vizuri. Trimethilamini yao haibadiliki, inatoka kwa jasho na pumzi, nao huoga mara tatu kwa siku huku wakiambiwa ni wachafu. Yeyote mwenye ndugu wa namna hiyo amlete kwa daktari kabla ya kumnunulia sabuni nyingine.

Turudi kwenye njia yetu. Mwaka 2011 kundi la Stanley Hazen wa Cleveland Clinic, Marekani, liliunganisha molekuli hii na ugonjwa wa moyo. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya wagonjwa 4,007 waliofuatiliwa kwa miaka 3, na wale wenye TMAO nyingi walipatwa zaidi na shambulio la moyo, kiharusi au kifo. Mwaka huo huo walionyesha jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Watu wanaokula nyama walipolishwa nyama, TMAO yao ilipanda. Walipomeza antibayotiki kwa wiki moja kisha wakala tena, haikupanda kitu, na wiki kadhaa baadaye, bakteria waliporudi, ikarudi nayo. Mtu ambaye kwa muda mrefu hakuwa amegusa nyama alikula kipande kama cha wenzake, na hakutoa karibu chochote. Nyama ilikuwa ile ile. Mpishi wa tumboni ndiye aliyetofautiana.

Sasa tazama karatasi yako. Namba ya TMAO iliyopanda inaweza kusimulia habari tatu zisizofanana. Ya kwanza ni hiyo ya nyama na bakteria. Ya pili ni samaki: samaki wa baharini wana TMAO iliyo tayari mwilini mwao, kwa hiyo aliyekula samaki jana jioni atapanda kuliko aliyekula nyama, na hakuna daktari atakayemkataza samaki kwa sababu hiyo. Ya tatu ni figo. Figo ndizo zinazoitoa TMAO mwilini, na zikichoka inabaki kwenye damu hata kwa mtu anayekula kwa adabu zote. Kampuni iliyokuandikia "acha nyama" haikukuuliza ulikula nini jana, wala haikupima figo zako. Nimewahi kumwelekeza mtu mmoja kwa daktari wa figo baada ya kusoma karatasi iliyomsifu kwa kila kitu isipokuwa mstari huo. Sisemi alikuwa na nini, ni siri yake, ila hakuwa mlaji wa nyama.

Upande wa nyuzinyuzi habari ni njema zaidi, lakini nayo ina mtego. Mwili wetu hauna vimeng'enya vya kuvunja nyuzinyuzi nyingi za mimea, hivyo hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na bakteria huzichachua. Wanachotoa ni asidi tatu fupi: asetati, propionati na butireti. Hii ya mwisho ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Mwaka 2015 watafiti walibadilishanisha vyakula kati ya Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini. Kwa wiki 2 Wamarekani walikula nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, na Waafrika Kusini wakala kinyume chake. Wiki 2 tu, na butireti ilipanda kwa Wamarekani na kushuka kwa wenzao, huku dalili za kuvimba kwa ukuta wa utumbo zikipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa wenzao.

Mtego ni huu. Butireti karibu yote hufyonzwa kabla choo hakijatoka. Kinachopimwa kwenye kopo ni mabaki. Ikiwa ndogo, huenda bakteria wako wanatengeneza kidogo, au huenda utumbo wako unaifyonza vizuri sana. Kipimo hakijui tofauti, na anayekuuzia unga wa kuiongeza hajui pia.

Soya nayo ni vivyo hivyo. Ina kitu kiitwacho daidzeini, ambacho bakteria fulani hukigeuza kuwa ekwoli, molekuli inayofanana kidogo na homoni ya estrojeni. Ni kati ya theluthi na nusu ya watu tu wenye bakteria wa kazi hiyo. Kwa waliobaki, soya ni soya. Ndiyo maana majirani wawili wakila sahani moja hupata matokeo mawili, na hapana, hilo halimaanishi mmoja ana "bakteria wabaya". Neno hilo ningependa tuliache. Bakteria yule yule anayekupa kitu cha faida kwenye maharage anaweza kukupa kitu kingine kwenye chakula kingine.

Nije kwenye sampuli, kwa sababu hapa ndipo malalamiko mengi yanapotoka, na kusema kweli hapa subira yangu ni fupi.

Sampuli haikai kimya. Damu ikibaki kwenye mrija bila kuzungushwa na kutenganishwa, chembe nyekundu zinaendelea kula glukosi, kama asilimia 5 hadi 7 kwa kila saa katika joto la kawaida la chumba. Choo ni zaidi: bakteria wanaendelea kuchachua ndani ya kopo, na butireti unayotuletea saa sita mchana si ile iliyotoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo utaratibu ni huu, na hauna mjadala. Kwa damu, usile chochote kwa saa 12, maji unaruhusiwa. Samaki usile kwa siku mbili zilizotangulia. Choo kiwekwe kwenye friza ndani ya dakika 15 na kisafirishwe kwa barafu tuliyokupa. Hapa tunakihamishia kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kikiyeyuka njiani usikigandishe tena, maana kila kuyeyuka kunapasua seli na kumwaga yaliyomo. Muda unaoandikwa kwenye lebo ni muda uliokwenda haja, si muda uliofika mlangoni kwetu. Mbali na muda huo, lebo ina namba tu. Ukiandika jina lako tunalazimika kuikataa, hata kama kila kitu kingine ni sahihi, kwa sababu tuliahidi kamati ya maadili ya utafiti kwamba mpimaji hatajua anampima nani.

Dawa zote ziandikwe, pamoja na zile unazoziona si dawa. Paracetamol ni mfano mzuri. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba bakteria wanaotoa kemikali iitwayo p-kresoli hubadilisha namna mwili unavyoshughulikia paracetamol, kwa kuwa vyote viwili vinagombea salfa ile ile mwilini. Aliyemeza antibayotiki katika miezi 3 iliyopita tunamwomba asubiri. Yuko bwana mmoja aliyeleta choo cha mwanawe. Alisema mwenyewe, bila haya, kwamba chake kilichelewa. Adhabu yake ilikuwa kuondolewa kwenye utafiti na data zake za miezi yote kufutwa. Hatukumshtaki popote, lakini kazi ya muuguzi mmoja ya nusu mwaka ilipotea.

Kuhusu ridhaa, fomu ni ndefu kwa sababu. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, yaani kanuni za maadili za utafiti unaohusisha binadamu, lililofanyiwa marekebisho tena mwaka 2024, linakupa haki ya kujitoa wakati wowote bila kuadhibiwa, nasi tunaiheshimu. Soma hasa ukurasa wa data. Molekuli zako zinaeleza mengi kuliko unavyodhani: kotinini, mabaki ya nikotini mwilini, inatueleza kama unavuta sigara, na masalia ya dawa yanaonyesha maradhi ambayo pengine hukumwambia hata mwenzi wako. Katika Umoja wa Ulaya data za afya zina ulinzi wa pekee, na taasisi inayozichezea inaweza kutozwa faini ya hadi euro milioni 20, au asilimia 4 ya mapato yake ya mwaka duniani kote, yoyote iliyo kubwa. Linganisha na kampuni ya kopo la posta, ambayo masharti yake uliyakubali kwa kubonyeza mara moja.

Wenye karatasi, tunaomba msituletee tuzitafsiri. Pelekeni kwa daktari anayejua maradhi na dawa zenu. Wenye kopo lililolala nje usiku kucha, msilifiche chini ya barafu mpya, tunalijua tukilifungua. Pigeni simu mtupe namba ya lebo, na mtapewa kopo jingine.