Jinsia ya Nomino katika Kiayalandi

Jinsia ya kisarufi ni utaratibu wa kuzigawa nomino katika makundi yanayoamua maneno yanayoambatana nazo yachukue umbo gani. Dhana hiyo si ngeni kwa mtu aliyelelewa na ngeli za Kiswahili. Kiayalandi kina makundi mawili tu, la kiume na la kike, baada ya kundi la tatu lililokuwamo katika Kiayalandi cha Kale kutoweka.

Kinachomtatiza mwanafunzi ni mahali alama inapokaa. Kifaransa hutenganisha jinsia kwa vibainishi viwili vinavyotangulia nomino, le na la, lakini katika umoja Kiayalandi kwa kawaida hutumia kimoja, an, kwa jinsia zote mbili, na tofauti hujitokeza mwanzoni mwa nomino inayofuata. Fear, yaani mwanamume, hubaki an fear, ilhali bean, mwanamke, huwa an bhean, ambapo b imelainishwa ikawa sauti ya v. Nomino za kiume zinazoanza kwa irabu huongezewa t, kama an t-uisce, maji. Za kike haziongezewi, kama an oíche, usiku. Kivumishi nacho hulainishwa kikifuata nomino ya kike: fear mór, bean mhór. Katika umilikishi mambo hugeuka, na ya kiume ndiyo hulainishwa: cóta an fhir, koti la mwanamume, lakini cóta na mná, koti la mwanamke, ambapo an hugeuka kuwa "na" na bean huwa mná.

Ushauri uliozoeleka ni kukariri kila nomino pamoja na an. Ni ushauri mzuri ila haujitoshelezi, kwa kuwa d na t hazilainiki baada ya an: tine, moto, ni ya kike, lakini an tine haidokezi lolote. Heri kukariri tine mhór, moto mkubwa.

Viishio husaidia zaidi kuliko maana. Maneno yenye -eog na -lann, kama fuinneog, dirisha, na leabharlann, maktaba, ni ya kike. Yenye -eoir, kama múinteoir, mwalimu, ni ya kiume hata mwalimu akiwa mama. Cailín, msichana, ni nomino ya kiume, na stail, farasi dume, ni ya kike. Hata hivyo, msichana huyo akitajwa kwa kiwakilishi huitwa sí, wa kike, ingawa kivumishi chake hakilainishwi: cailín mór. Kiswahili hakigawanyiki hivyo, kwani kipofu mwema amefika hufuata uhai wa mtu tangu kivumishi hadi kitenzi.