Saa za Kwenu au Saa za Kwetu? Kuvuka Manyovu na Marafiki Wenye Mashanta

Kazi yangu ni kuongoza wasafiri, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiyatoa makundi madogo ya marafiki hapa Kigoma mjini na kuyavusha kwenda Burundi, kila mmoja na shanta lake mgongoni, kwa magari ya abiria na kwa miguu. Wengi wao ni vijana wa Dar es Salaam au Mwanza ambao, wakishafika kwetu mwisho wa reli, hugundua kwamba nchi nyingine iko mwendo wa kilomita 60 hivi kwa barabara ya lami inayopanda kutoka Mwandiga hadi Manyovu. Swali lao la kwanza huwa ni uzito wa begi. Huwajibu kwa ufupi kwamba shanta usiloweza kulipakata ndani ya Hiace iliyojaa ni kubwa kupita kiasi, kisha nayageuza mazungumzo kwenye jambo lililowahi kunisumbua kuliko mizigo yote, yaani saa.

Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Tanzania nzima hufuata saa za Dar es Salaam, na kwa kuwa Kigoma iko mbali magharibi, jua letu huchomoza karibu na saa moja asubuhi, wakati Dar es Salaam watu wamekwisha kuliona kitambo. Bujumbura imekaa karibu moja kwa moja kaskazini yetu, kwa hiyo jua huwatokea wakati uleule linapotutokea sisi, ila saa ya ukutani kwao husoma kumi na mbili. Mtu aliyevuka mpaka saa nne kamili hujikuta saa tatu kamili, na kwa kuwa milima ni ileile, migomba ni ileile na hata mbuzi wanafanana, hakuna kinachomkumbusha kwamba amehama.

Safari moja nilikuwa na vijana watano. Tulilala upande wa Burundi, si mbali na mpaka, tukakubaliana kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Simu za wawili zilikuwa zimenasa mnara wa Tanzania na za watatu mnara wa Burundi, na zote zilikuwa zimejirekebisha zenyewe bila mtu kuzigusa. Wale wawili waliamka, wakafunga mashanta na kusimama uani gizani saa nzima, huku wakisikia wenzao wanakoroma. Walidhani wamedharauliwa. Walinuna, na kununa huko kulidumu hadi mji wa Rumonge, hata baada ya sababu kujulikana, maana aliyepigwa na baridi saa nzima hafarijiki kwa maelezo ya minara. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikutaja saa ya nchi gani. Tangu siku hiyo, kabla ya kuvuka kila mtu huzima urekebishaji wa saa kwenye simu yake, mmoja wetu huvaa saa ya mkononi, na hiyo ndiyo inayotawala kundi zima.

Hata hapo kuna mtego mwingine. Karani aliyezoea Kifaransa akiandika 8 kwenye tiketi anamaanisha saa mbili asubuhi, ilhali mwenzake anayezungumza Kiswahili akitamka saa nane anamaanisha mchana. Nimejifunza kuuliza mara mbili bila haya, na mara nyingi hujibiwa kwa swali: "Saa za kwenu au za kwetu, kaka?"

Karatasi hazina fumbo kubwa. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Mtanzania haombi viza, bali hubeba pasi ya kusafiria au hati ya dharura pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hata hivyo, mmoja akisahau karatasi, wote mnakwama, na ndiyo maana usiku wa kuamkia safari huzikagua zote kwa mkono wangu. Nimeshaambiwa nina tabia za mwalimu wa zamu.

Ukishapita Mugina, kituo cha mpaka upande wa Burundi, magari hushika upande wa kulia. Anayetoka Tanzania hutazama kulia kwanza anapovuka barabara, na gari huja kutoka kushoto. Siku ya kwanza tunatembea kwa mstari mmoja, upande wa kushoto wa barabara, ili tuyaone yanayokuja.

Lugha nayo hudanganya kwa ukaribu wake. Kiha cha kwetu Kigoma na Kirundi husikilizana, kwa hiyo Muha mmoja ndani ya kundi ni mali. Rumonge na mtaa wa Buyenzi pale Bujumbura Kiswahili kimekaa miaka mingi, ingawa kina ladha yake. Ukipanda vilimani, Kiswahili hupungua na vijana wa Dar es Salaam hunyamaza ghafla, jambo ambalo, nikisema kweli, huwa linawafaa. Sokoni, migebuka yetu huitwa mukeke na dagaa huitwa ndagala, na bei ni kwa faranga.

Kuhusu fedha nina msimamo mkali. Marafiki wasilipane mmoja mmoja. Watoe mchango sawa kabla ya kuondoka, mmoja awe mtunza hazina, na fedha zibadilishwe mahali panapotambulika. Sababu ni kwamba nauli haitabiriki: katika miaka ya karibuni Burundi imekabiliwa na uhaba wa mafuta wa mara kwa mara, na siku ya uhaba magari huwa machache na ghali. Jumamosi asubuhi nayo ni ya kazi za jamii, na usafiri hulegea hadi kazi ziishe, kwa hiyo sipangi kuhama mji siku hiyo.

Njia yangu ni Mabanda, Nyanza-Lac, Rumonge, halafu kufuata Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura. Kabla ya jiji tunasimama Mugere, penye jiwe la Livingstone na Stanley la Novemba 1871. Baadhi ya watu huko hudai kwamba ndipo walipokutana, na sisi wa Ujiji tunatabasamu tu: walikutana kwetu, kisha wakapanda mtumbwi kwenda kuuangalia mto Rusizi, wakakuta unaingia ziwani badala ya kutoka.

Wanaotamani kuunganisha hadi Kigali nawakatisha tamaa mapema, kwa kuwa Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda mwezi Januari 2024. Njia iliyobaki ni kurudi Tanzania kupitia mpaka wa Kobero na Kabanga, kisha kuvukia Rusumo kuingia Rwanda.

Sisi hurudia Manyovu. Siku ya kwenda huwa nimemuuliza ofisa wa mpaka saa ya kufunga, na ni ya upande upi, kwa sababu saa moja tuliyoipata wakati wa kwenda tunaidaiwa wakati wa kurudi. Tukifika Mabanda, namwomba mwenye saa ya mkononi aisogeze mbele, hata kama Mugina bado hatujaiona.