Mdudu wa meno ya mundu chini ya mkorosho

Msimu uliopita, shambani kwetu nje kidogo ya Newala, mama mdogo alitupa ndoo nzima ya korosho. Tulikuwa tunaokota chini ya mkorosho ambao hatukuwahi kuufagilia, majani makavu yamerundikana. Kilichomtisha kilikuwa kidogo kuliko korosho yenyewe: kidude bapa, rangi ya jani lililooza, kimetanua meno mawili yaliyopinda kama mundu. "Nge huyo, mwanangu, muue!" Sikumuua. Nilimpandisha kwenye bibo, nikampiga picha kwa simu, na tangu siku hiyo nimekuwa wakili wake kijijini bila malipo.

Kiswahili hakijampa jina lililozoeleka. Wanasayansi humwita Ascalaphidae, Waingereza humfananisha na bundi, nami humu nitamwita nzibundi, ingawa si nzi: mkubwa wake ana mabawa manne, nzi ana mawili. Tunayemkuta kwenye majani ni mtoto, yaani lava.

"Ni nge." Hesabu miguu. Nge ana minane, na mkia wenye mwiba. Huyu ana sita, na mkia hana. Hayo yanayodhaniwa magando ni taya, zimetoka kichwani. Kuna jirani aliyenibishia kwamba zile ni koleo za nyuma, mpaka mdudu alipoanza kutembea.

Taya hizo ndizo za kutazama kwanza. Kila moja ni ndefu, imepinda kwa ndani, na kwa kawaida ina meno matatu kwenye ukingo wa ndani. Hazitafuni. Ndani yake mna mfereji: anamchoma mdudu mwenzake, anamwingizia maji ya kumpooza na kumyeyusha, kisha anamfyonza mpaka libaki ganda. Akiwinda huzitanua kabisa, moja kushoto na nyingine kulia, akatulia hivyo kwa saa nyingi kama mtego wa panya uliotegwa. Ukimshika vibaya atakubana kidole na utamsikia, lakini binadamu si windo lake wala hamfuati mtu.

"Ni yule wa vishimo." Kosa hili nalisamehe. Nani kati yetu hakuchokonoa kwa kijiti vile vishimo vya mchanga chini ya upenu, akidondosha sisimizi mmoja aone anavyovutwa? Wawili hawa ni ndugu hasa. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza vinasaba walipendekeza nzibundi aingizwe katika ukoo uleule wa mdudu wa vishimo. Hata hivyo usimtambue kwa kishimo peke yake, maana katika ukoo huo wapo wengi wasiochimba. Mtambue kwa mwili.

Tazama kingo. Lava wa nzibundi amezungukwa ubavuni na safu ya vidole vidogo vyenye nywele, kuanzia kifuani hadi tumboni, utadhani mkeka uliochanika pindo. Kichwa ni kipana, na kwa nyuma kimebonyea katikati kama moyo. Kila upande wa kichwa pana kinundu kilichoinuka, na juu yake kuna vijicho vidogo vilivyokusanyika. Na mwendo: mchimba vishimo hurudi kinyumenyume, huyu wetu anaweza kwenda mbele.

"Ni takataka tu." Ndivyo anavyotaka uamini. Baadhi ya aina hujipaka vumbi na vipande vya majani mgongoni, vikashikwa na zile nywele. Mpulizie kidogo uone.

"Anamaliza mikorosho." Huku kwetu kila mdudu ni mshitakiwa, na baada ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, na mbu wa mikorosho simlaumu mtu. Lakini tazama mdomo. Mbu wa mikorosho, kama kunguni wengine, ana mrija mmoja mwembamba anaoukunja chini ya kifua, na kwa huo hufyonza machipukizi. Nzibundi ana taya mbili zinazotazama mbele, na hali majani, ua wala korosho. Ila wanaomwita mlinzi wa shamba nao wanazidisha: hana habari kama mdudu anayepita ni adui wetu au ni rafiki. Akifikiwa, amekula.

"Eti hajisaidii." Hili nilidhani ni utani wa vijana, kumbe ni kweli. Utumbo wa lava umefungwa katikati, hauna njia ya kutokea nyuma. Mabaki ya chakula huyabeba tumboni maisha yake yote ya utotoni. Sehemu ya nyuma ina kazi nyingine: hutoa uzi wa hariri anaoshonea kifuko chake akitaka kubadilika. Uchafu hutoka akishakuwa mkubwa mwenye mabawa.

Na huyo mkubwa naye watu humwita kereng'ende, hasa akija kwenye taa ya barazani usiku wa mvua za kwanza. Kweli wanafanana: mwili mrefu, mabawa kama kioo. Angalia vipapasio. Vya kereng'ende ni vifupi kama unywele, hata havionekani vizuri. Vya nzibundi ni virefu na vina kifundo nchani, kama vya kipepeo. Mama mdogo alimwona mmoja ukutani Desemba. Safari hii aliniita kwanza.