Televisheni ya kubeba: geuza boksi kabla hujatazama kioo

Mteja akiulizia televisheni ndogo ya kubeba, swali lake la kwanza huwa ni inchi ngapi. Mimi humwambia ageuze boksi atafute maandishi haya: DVB-T2. Tanzania na Kenya zote hurusha matangazo ya ardhini, yale ya kunaswa kwa antena bila dishi, kwa mfumo huo, na hiyo "2" ndiyo yenye kazi. Yenye DVB-T tupu haiisomi T2 hata uipandishe juu ya mnara. Aliyoleta shemeji kutoka Marekani ina mfumo wa kwao, ATSC, ya Japani ina ISDB-T; huku kwetu zitaishia kuchezea filamu za fleshi. Na vile vya mtumba vya analojia? Dar es Salaam mitambo yake ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, achana navyo. Muuzaji akikuapia kwamba "hii inashika zote", aiwashe atafute chaneli ukiwa hapo hapo.

T2 haifungui chaneli za kulipia. Hizo zimefungwa, zinataka kadi, na televisheni nyingi za aina hii hazina pa kuichomeka. Utapata za bure.

Usinunue isiyo na tundu la antena ya nje. Ile fimbo yake inatosha mjini, ila watu huivuta mpaka mwisho wakidhani urefu ndio nguvu. Chaneli zetu ziko kwenye masafa yanayoitwa UHF, kuanzia megahezi 470. Kwenye megahezi 500 wimbi lina sentimita 60, na fimbo inataka robo yake tu: sentimita 15. Irudishe ndani, halafu tazama antena za majirani juu ya bati; vijiti vyake vikiwa vimelala, ilaze na yako. Tuliozoea chenga za analojia tunasubiri picha ififie kwanza. Dijitali haififii: inakatika vipande vya mraba, sauti inagugumia, kimya. Hatua mbili kuelekea dirishani zinaweza kuirudisha.

Saa za betri zilizoandikwa kwenye boksi mimi siziamini, napiga hesabu. Betri ya volti 7.4 yenye mAh 2,200 (yaani ampea 2.2 kwa saa moja), ukizidisha, ni kama watisaa 16: wati 16 kwa saa moja. Televisheni ikila wati 8, una saa 2: mechi na mapumziko yake itaisha, dakika 30 za nyongeza sikuahidi.

Madereva wa malori, nyingi ya hizi ni za volti 12 na lori lenu ni 24. Bila kipunguza volti, saketi inaungua. Volti inayokubalika imeandikwa karibu na tundu la chaja. Isome kabla ya kuchomeka.