Bunge "limesitishwa" sio Bunge "limeahirishwa", tofauti iko hapa

Juzi tumekaa barazani huku Ngamiani, Tanga, redio ikasema Bunge limesitishwa mpaka jioni, mzee mmoja akaweka kikombe cha kahawa chini akasema haya, washafunga hao, na posho washachukua. Nikamwambia hapana mzee wangu, hawajafunga, wamesitisha tu. Akaniuliza kwani si ndo hivohivo? Sio hivohivo, na kwa sababu wengi tunachanganya naomba nieleze taratibu.

Kwanza kuna mkutano na kuna kikao. Mkutano wa Bunge ni kama msimu mzima, ule wa bajeti mfano unaanza Aprili unaenda mpaka mwisho wa Juni, na ndani yake kuna vikao vingi, kila siku ya kazi na kikao chake chenye namba. Sasa Spika akisitisha shughuli saa 7 mchana, kikao ni kilekile, namba ileile, orodha ya shughuli ileile, watu wametoka kula na kuswali, wakirudi jioni wanaendelea pale walipoachia. Akiahirisha ndo kikao kimekwisha, kesho saa 3 asubuhi kinaanza kingine kwa dua na maswali. Kuvunja Bunge ni jambo jingine kabisa, hilo ni la Rais na mbele yake kuna uchaguzi.

Mfano ulionisaidia mimi kuelewa ni wa Uingereza. Mwezi Machi 2005 nyumba zote mbili za Bunge lao zilibishana juu ya muswada wa kuzuia ugaidi, muswada ukawa unaenda na kurudi usiku kucha, wanasitisha wanarudi, wanasitisha wanarudi, zaidi ya saa 30. Nje ilikuwa Ijumaa tarehe 11 lakini ndani kumbukumbu zao ziliendelea kusoma Alhamisi tarehe 10, kwa sababu hakuna aliyeahirisha. Yani siku ya Bunge haiishi kwa jua kuzama wala kwa saa sita za usiku, inaisha Bunge likiahirishwa. Sisi watu wa pwani tunaosema usiku wa kuamkia Ijumaa tayari ni Ijumaa hilo halitupi shida sana.

Turudi kwetu. Saa za kuanza na kusitisha zimo kwenye Kanuni za Kudumu, yani utaratibu wa Bunge lenyewe ulioandikwa. Muda ukiwakuta katikati ya jambo Spika anaweza kuwaongezea nusu saa, na wakitaka kubadilisha utaratibu mzima inaletwa hoja ya kutengua kanuni, yani kuiweka kando kwa muda, wanahojiwa, wa ndiyo wakishinda basi. Na hapa ndipo ugomvi unapozaliwa kwenye mabunge mengi, mmoja anasema tufute mapumziko tumalize kazi mapema, wananchi wanasubiri, mwingine anasema watu wapumzike.

Mi naona wote wanawasahau wafanyakazi wa Bunge. Mbunge akichoka anatoka, anakunywa chai kantini anarudi. Katibu aliyekaa mezani mbele ya Spika hatoki hivo, wala fundi mitambo, wala wale wa hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, wanaopokezana kuandika kila neno, na Bunge likiahirishwa usiku wao bado wana maandishi ya kusafisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mtu akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko ya angalau dakika 60, na kati ya siku na siku apate saa 12 za kupumzika. Kwaiyo ile saa 3 mpaka saa 7 mchana sio uvivu, ni saa 4, unakaribia kikomo cha saa 5.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimewahi kuandika mihutasari ya kamati moja hapa mkoani kwetu. Siku hiyo tulianza saa 4 asubuhi mpaka saa 11 jioni bila kusitisha, wajumbe wanatoka mmojammoja, mi nipo tu na kalamu. Kwenye saa 9 hivi mama mmoja akaeleza habari ya mtaro unaoingiza maji majumbani kwao, akaeleza vizuri sana, na nilipokuja kusoma daftari usiku pale pana mistari miwili haisomeki. Muhtasari ukapita bila hoja yake. Alikuja kuniuliza, sikuwa na jibu la kumpa.

Kikao kilichofuata nikamuomba mwenyekiti kabla hatujaanza, akakubali, saa 7 akasema tunasitisha kwa saa moja. Nikaandika kwenye muhtasari saa tuliyotoka na saa tuliyorudi, namba ya kikao sikubadilisha, na yule mama akapewa nafasi ya kwanza baada ya chakula.